Likae Mpaka Jua Lizame

Mjinga wa siku ile alikuwa Alfayo Nyangate, na tusihangaike kumtafutia mwenzake. Yeye mwenyewe hakatai. Ukimkuta pale kituo cha kupimia majani chai, Kebirigo, ukamuuliza ni nani mpumbavu kuliko wote aliopata kuwaona, hatakutajia mlevi wala mwizi wa kuku. Atajigonga kifua kwa kidole kimoja, atakohoa kidogo, kisha atakuomba mzungumze mambo mengine.

Sisi tutazungumza hayo hayo.

Mwaka wa sabini na moja Alfayo alikuwa na vitu vitatu vya kumfanya atembee kifua mbele: shamba la chai lililoshika vizuri, kiti cha mbele katika kanisa la Wasabato, na redio. Chai wengine pia walikuwa nayo. Kiti cha mbele walikikalia watu wanne, tena wawili kati yao wanene. Lakini redio, upande ule wa mto, zilikuwa mbili tu: yake, na ya Onsongo, Mkatoliki, jirani waliyepakana naye kwa ua mmoja.

Ya Alfayo ilikuwa ya betri sita, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, nayo ilivishwa kitambaa cheupe alichokifuma mkewe Bonareri. Jioni watu walikuja kusikiliza taarifa ya habari ya saa moja. Alfayo alikaa kando ya chombo chake, mkono juu ya kitufe, kama mtu aliyeshika ng'ombe asiyezoea kukamuliwa. Msomaji wa Nairobi alisoma kwa Kiswahili, na Alfayo akawafasiria kwa Kigusii wazee ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye "jambo" na "lete". Fasiri yake ilikuwa ndefu kuliko habari yenyewe. Waziri akifungua daraja, Alfayo alieleza hata rangi ya kofia yake.

Taarifa ikikwisha, msomaji hajamaliza hata kuaga, tak! Kitufe kimezungushwa. Baada ya taarifa huja matangazo ya watu binafsi: fulani amefariki, fulani anatafutwa, fulani arudi kwao haraka. Hayo Alfayo hakuyataka.

"Betri zangu," alikuwa akisema, "sikuzinunua ili zisikilize maiti za watu."

Watu walicheka. Alijua kuchekesha, Alfayo. Mungu akikupa mdomo wa namna ile angekupa na breki, lakini nadhani siku ile zilikuwa zimeisha.

Kila Ijumaa mambo yalibadilika. Jua likianza kuelekea milimani, Alfayo aliifungua redio kwa nyuma, akatoa betri zote sita moja baada ya nyingine na kumkabidhi Bonareri. Bonareri akazitia katika mkebe wa biskuti, akaufunika, akauweka juu ya kabati. Redio yenyewe ilifunikwa blanketi, kama kasuku anayelazwa. Hazikurudishwa mpaka Jumamosi jua lizame. Wasabato wengine walizima tu. Alfayo alitoa betri, na alitaka ijulikane kwamba anatoa betri. Jumapili asubuhi alizipanga ukutani zipigwe na jua zipate nguvu, mstari mmoja, na apitaye njiani aliziona.

Kwa hiyo siku ya Sabato, mwenye hamu ya habari alikwenda kwa Onsongo. Alfayo hilo lilimwasha, ingawa asingekubali.

Onsongo alikuwa mtu wa maneno machache na redio ndogo yenye kifuko cha ngozi aliyotoka nayo kazini Kericho. Aliisikiliza mpaka mwisho, matangazo na vifo na salamu na yote. "Aliyekufa naye anataka asikiwe," alisema alipoulizwa.

Sasa kati ya watu hawa wawili palikuwa na jambo. Lilitokea mwaka wa sitini na tisa, Jumamosi moja ya Julai, siku ile waziri alipopigwa risasi mchana barabarani Nairobi na nchi nzima ikashika kichwa. Onsongo alisikia, akaangusha jembe, akakimbia. Alikimbia mpaka kanisani kwa Wasabato, maana aliona si haki watu wazima wakae wakiimba nchi ikiwa hivyo. Alimkuta Alfayo uani na waumini wamemzunguka.

"Nyangate! Redio imesema..."

Alfayo akainua kiganja. "Onsongo, leo ni siku ya Bwana. Habari za dunia zina siku sita zao. Hata ingekuwa mama yangu marehemu amefufuka yuko njiani anakuja, ningengoja jua lizame ndipo nimsalimie."

Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Onsongo alibaki amesimama, jasho linamtiririka, miguu imejaa tope la shambani, mbele ya watu waliovaa viatu. Alfayo hakuishia hapo. Akamtazama juu mpaka chini, akasema, "Ndugu zangu, mmeliona Gazeti la Sabato? Linatoka Jumamosi, na linakuja kwa miguu."

Jina likashika. Miaka miwili mizima, sokoni, mtoni, kwenye mizani ya chai, Onsongo akawa Gazeti. Hata mkewe alipokwenda kuomba moto aliulizwa kama Gazeti limeamka. Onsongo hakugombana na mtu. Aliacha tu kupita mlangoni kwa Alfayo, akikata njia ya chini iliyojaa matope.

Tuache hilo likae hapo, twende kwa Bochaberi.

Bochaberi ndiye dada pekee wa Alfayo. Mama yao alipofariki Alfayo alikuwa hajaota meno yote, na Bochaberi, mwenye miaka kumi, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia ndizi, akamchapa, akampeleka shule. Baadaye akaolewa na Ouko, karani wa reli Kisumu, mtu mpole mwenye miwani. Mwezi wa Julai, mwaka huo wa sabini na moja, ilikuja barua. Mwandiko ulikuwa wa Ouko, maneno ya Bochaberi: amelazwa hospitali, tumbo, madaktari wanatikisa vichwa. "Njoo mdogo wangu. Kuna neno nataka kukuambia, nalo si la kuandikiwa na mtu."

Alfayo aliisoma barua mara tatu, akalia kidogo nyuma ya nyumba, akaifutia machozi na kuitia mfukoni. Lakini makambi yalikuwa yamekaribia, ule mkutano mkubwa wa Wasabato wa kila mwaka, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya viti na mahema. "Nitakwenda makambi yakiisha," alimwambia Bonareri. "Jumatatu yake, alfajiri."

"Mgonjwa hangoji makambi, baba Ogari," alisema Bonareri.

"Bochaberi ni mgumu. Unamjua."

Basi ikafika Ijumaa ya mwisho ya makambi. Betri zikaingia mkebeni, jua likazama, familia ikaanza nyimbo za kuikaribisha Sabato. Na saa moja na robo, taarifa ya habari ilipokwisha, redio ya Onsongo ilisema hivi, kwa sauti ile ile isiyo na haraka inayosoma bei ya mahindi:

"Alfayo Nyangate wa Kebirigo, wilaya ya Kisii, anaombwa afike hospitali kubwa ya Kisumu bila kukawia. Dada yake Bochaberi ni mgonjwa mahututi na anamwita. Ujumbe umetoka kwa shemeji yake Ouko, wa reli."

Alfayo wakati huo alikuwa katika ubeti wa pili, kidole kikipiga tempo gotini.

Asubuhi ya Sabato waumini walishuka kwenda kambini, ng'ambo ya mto, nusu saa kwa miguu. Akina mama wamevaa vitambaa vyeupe, wanaume wamebana Biblia kwapani, na Alfayo yuko mbele, suti ya kijivu, mashine ya maneno imetiwa mafuta. Pale njia ya juu inapokutana na ya chini, Onsongo alikuwa amesimama. Amevaa shati safi. Inaonekana alikuwa hapo muda mrefu, maana umande ulikuwa umemlowesha suruali mpaka magotini.

"Nyangate," akasema. "Nina neno."

Alfayo akasimama. Nyuma yake watu ishirini wakasimama pia, wengine wameshaanza kutabasamu kabla hajafungua kinywa, kama watu wanaonusa chakula.

"Ni neno la wapi?"

"La redio. Lakini ni..."

"Ala! Kumbe Gazeti bado linachapwa!"

Wakacheka. Onsongo akangoja wamalize. "Ni lako," akasema. "Lina jina lako."

Hapa, wasomaji, mtu mwingine angeshtuka. Mtu mwenye dada hospitalini angeshtuka mara mbili. Na Alfayo husema kwamba kweli kitu kilimchoma hapo, chini ya mbavu, kama mwiba wa katani. Lakini alikuwa na watu ishirini nyuma yake na suti ya kijivu, na mzaha umeshafika mdomoni, na mzaha ukishafika mdomoni kwa Alfayo ulikuwa haurudi.

"Jina langu limeandikwa mahali pazuri zaidi kuliko redioni," akasema. "Hilo lako likae mpaka jua lizame. Nitalisikia mwenyewe."

Onsongo alimtazama. Kisha akasema, "Basi likae," akageuka, akashika njia ya chini.

Na likakaa. Saa saba mchana lilisomwa tena. Alfayo alikuwa anapanga viti. Jioni jua likazama, Bonareri akashusha mkebe, betri zikarudi mahali pake. Watu walikuwa wachache, wamechoka na makambi. Taarifa ya saa moja ikasomwa. Alfayo akafasiri, akaongeza chumvi, wakacheka. Ule mwiba ulikuwa bado uko mbavuni, maana alitega sikio taarifa yote akingoja jina lake. Hakulisikia. Msomaji akasema, "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari."

"Mmeona?" Alfayo akawaambia waliokuwepo. "Gazeti limetudanganya. Alitaka kunivunjia Sabato yangu."

Tak!

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, sauti ile ile ya Nairobi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza: "Alfayo Nyangate wa Kebirigo..."

Jumapili asubuhi alizipanga betri ukutani, akaenda sokoni Kebirigo kununua kamba ya kufungia mahema. Aliyemwona kwanza alikuwa Bitutu, muuza ndizi kutoka Ikonge, mama mwenye sauti ya kuita watu mlima hadi mlima. Alipomwona Alfayo alishusha sauti. Hilo peke yake lingetosha kumwogofya mtu.

"Alfayo! Umesharudi kutoka Kisumu?"

"Kisumu gani, mama?"

"Pole sana. Anaendeleaje?"

"Nani?"

Bitutu akamtazama kama anayetazama mtu aliyevaa shati nje ndani. "Dada yako, jamani. Si umeitwa? Ikonge nzima tumesikia. Ijumaa tumesikia, jana mchana tumesikia, jana jioni tumesikia. Sisi kanisani leo asubuhi padri amemwombea. Tulisema Alfayo atakuwa ameshafika, ana bahati ana redio yake mwenyewe."

Kamba haikununuliwa. Alfayo alikimbia na suruali yake ya shamba mpaka barabarani, akapanda lori la majani chai hadi Kisii, na Kisii akapata basi la Kisumu lililosimama kila penye mtu na mbuzi. Njia nzima alikuwa anahesabu saa. Angeondoka Jumamosi asubuhi pale njia panda, na suti yake ya kijivu, mchana angekuwa kitandani kwa dada yake. Tena hakuna mzee wa kanisa ambaye angemlaumu. Kisa cha kondoo aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, na jinsi Bwana alivyosema atolewe, alikuwa amekifundisha mwenyewe mara mbili mwaka ule, tena kwa vichekesho.

Alimkuta Ouko langoni mwa hospitali. Miwani alikuwa ameivua, ameishika mkononi.

"Shemeji," akasema. "Ni leo alfajiri."

Alfayo hakulia. Aliuliza swali la mtu mpumbavu, maana hilo ndilo lililokuja. "Alijua mmeniita?"

"Tulimwambia. Jumamosi kutwa kila mlango ukifunguliwa aligeuza kichwa. Jioni akasema, 'Alfayo ni mtu wa Sabato, atakuja jua likizama.' Jua likazama. Alikutetea, shemeji, mpaka mwisho."

"Na lile neno?"

"Neno gani?"

"Alilotaka kuniambia. Aliandika ana neno."

Ouko akaifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. "Nilimwomba aniachie mimi. Alikataa. Alisema ni la Alfayo."

Walimzika Jumatano nyumbani kwa kina Ouko, karibu na ziwa, katika udongo mweusi ambao Alfayo hakuujua. Alisimama kaburini miongoni mwa watu walioimba kwa lugha asiyoielewa, na hapakuwa na wa kumfasiria.

Alhamisi jioni alikuwa Kebirigo. Hakupita kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Onsongo, na hakupita lango, aliruka ua. Ilikuwa kama saa moja na dakika kumi, taarifa inasomwa, na wanaume sita saba wameketi kwenye magogo, wengi wao wale wale waliokuwa wakija kwake. Onsongo akanyoosha mkono akapunguza sauti ya redio, lakini hakuizima.

"Pole, Nyangate," akasema. "Keti."

"Sitaketi! Ulijua!"

"Nilijua."

"Siku mbili ulijua! Dada yangu anageuza kichwa kila mlango ukifunguliwa, na wewe umekaa hapa na jina lake mdomoni kama mtu anayemung'unya muwa!"

"Ijumaa nilifika kwenye ua wako," Onsongo akasema. "Mlikuwa mnaimba. Nilisimama mpaka wimbo wa tatu."

"Si ungebisha!"

"Nilibisha mwaka wa sitini na tisa."

Mtu mmoja pale kwenye magogo alikohoa. Alfayo akamgeukia kama atampiga, kisha akamrudia Onsongo.

"Jumamosi ulisimama mbele yangu! Neno moja tu, Onsongo! Ungesema 'Bochaberi', ungesema 'Kisumu', ungenipigia kelele, ungenishika shati!"

"Nilisema lina jina lako. Ukasema likae."

"Na mtu akisema likae ndiyo unaliacha likae? Mtu anakufa!"

Tusimtetee Onsongo kupita kiasi, naye alijua kosa lake. Usiku wa Ijumaa hakulala vizuri, na Jumamosi pale njia panda, alipogeuka na kushika njia ya chini, kilichompeleka hakikuwa utii. Kilikuwa kile kicheko. Alikitembeza miaka miwili kwenye matope, na siku ile akaona acha Alfayo naye achafuke viatu. Ila alidhani ni matope tu. Alidhani jua likizama mwenzake atafungua redio yake kubwa na kusikia.

"Nilijua utasikia jioni," akasema polepole. "Una redio."

"Nilizima! Unajua huwa nazima!"

"Sikujua. Sijakanyaga kwako tangu uliponipa jina."

Hapo Alfayo akaona watu wanatazama chini, na akaona wameegemea upande wa Onsongo, na akashindwa kuvumilia. Mdomo ule ule uliomtia shimoni ukajaribu kumtoa. Akajipiga kifua, akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mimi si kama wewe! Angekuwa dada yako, Onsongo! Ingekuwa jina la dada yako limesomwa Ijumaa ile na Jumamosi ile, mimi ningekujia! Tungekuwa tumegombana, tungekuwa tumepigana, ningevunja mlango wako nikuambie! Siku ile ile! Saa ile ile!"

Onsongo akaongeza sauti ya redio kidogo. Taarifa ilikuwa imekwisha, matangazo yanaanza.

"Ungelisikia kwa redio gani?" akasema.